Chomoa Kabla ya Kuendesha

Fundi wa umeme wa hospitali ile kubwa alikuwa na maradhi mawili. Ya kwanza yalikuwa presha, nayo daktari alimwandikia vidonge. Ya pili yalikuwa kutokosea, na hayo hakuna kidonge chake. Kwa miaka ishirini na sita aliyofanya kazi pale hakukosea hata siku moja. Taa ikiungua, ilikuwa imetengenezwa ovyo huko ilikotoka. Feni ikizunguka kinyumenyume, wagonjwa walikuwa wamelala upande usiofaa. Wenzake walimwita Fundi Fyuzi, kwa ajili ya kazi yake, na pia kwa jinsi alivyolipuka mtu akimwambia, "Fundi, labda umesahau kitu."

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya jengo la dobi, chenye harufu ya sabuni upande mmoja na grisi upande wa pili. Spana zilitundikwa ukutani kwa kufuata ukubwa, na ole wake aliyerudisha namba kumi na tatu mahali pa kumi na nne. Kitu kingine alichokipenda kuliko spana ni vibao. Alivikata mwenyewe, akavipiga msasa, akaviandika kwa rangi nyekundu na mkono uliotulia. Ila alikuwa bahili wa rangi. Kibao cha mlango wa pampu alikiandika FUNGA, basi, nukta. Watu hawakujua wafunge nini, wakafunga kila walichokiona: bomba, dirisha, na siku moja mtu wa stoo aliyekuwa bado humo ndani. Fundi Fyuzi alisema mtu wa stoo ndiye mwenye makosa, kwa nini hakusoma?

Katika mali zote alizozitunza, iliyomkaa moyoni zaidi ni Kobe. Kobe kilikuwa kigari cha umeme cha magurudumu manne, kiti kimoja mbele, bodi nyuma, na betri sita chini ya kiti. Kazi yake ni kubeba magunia ya shuka chafu kutoka wodini mpaka kwa dobi, na kurudisha shuka safi. Usiku alilala bandani akichajiwa, asubuhi akatoka. Waliomuunda walikuwa watu wenye akili, kwani walimfanya asisogee hata hatua moja maadamu plagi ya chaja imo kwenye tundu lake la nyuma, asije akaondoka na waya, soketi na nusu ya ukuta. Juu ya mahali alipoegeshwa, Fundi Fyuzi alikuwa ametundika ubao mkubwa kuliko vyote: CHOMOA KABLA YA KUENDESHA. Aliona ni kazi safi. Maneno manne, na kila mwenye macho angeelewa.

Dereva wa zamani wa Kobe alipostaafu, Fundi Fyuzi alienda ofisini akampigia debe mkwe wake. Mkwe huyo alikuwa amemwoa binti yake wa pekee miezi mitatu tu iliyopita, na alikuwa kijana wa watu, mpole, wa miaka thelathini hivi, aliyejipenda kupita kiasi. Shati lake lilinyooshwa mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate, likachomekewa ndani ya suruali bila kijikunjo kimoja, na mkanda ukafungwa juu yake. Dobi walimwona mara moja tu wakampa jina la Bwana Pasi.

Siku ya kwanza Fundi Fyuzi alimpeleka bandani.

"Shikamoo baba," mkwe alisema kwa mara ya tatu asubuhi ile, maana hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba. Sikiliza, mkwe. Hapa kuna umeme. Wewe usiguse waya. Waya wowote, mkubwa kwa mdogo. Waya ni wangu mimi na walinzi wa usiku. Nimekupa binti, sitaki mjane nyumbani kwangu. Umenielewa?"

"Nimeelewa baba."

"Mengine yote yako pale juu," akasema, akanyoosha kidole kwenye ubao kwa fahari. "Ukifuata hayo, wewe na Kobe hamtakosana."

Mkwe aliusoma ubao. Aliusoma tena. Kisha akatazama pembeni kwa haya kidogo, akaitikia kwa kichwa.

Juma la kwanza mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Juma la pili Kobe akaanza vituko. Asubuhi nyingine alitoka bandani vizuri kabisa. Asubuhi nyingine mkwe aliwasha ufunguo, kikasikika kitu kikisema tik chini ya kiti, halafu kimya. Kukanyaga, hapana. Kubembeleza, hapana. Shuka zikachelewa, wauguzi wakapiga simu, na msimamizi wa dobi akatembea mpaka karakana kwa miguu yake, jambo ambalo halikuwa dogo kwa mama yule na magoti yale.

"Fundi, gari lako limechajiwa usiku kucha. Linakataaje asubuhi?"

Fundi Fyuzi alichukua mita yake akaenda. Na hapa ndipo ilipo siri ya mambo yote, nawaomba msiikose. Kila alipomfikia Kobe, kabla hajainama, kabla hajafungua kiti, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukichomoa plagi ya chaja kule nyuma na kuiweka pembeni. Hakujua kwamba anaichomoa, kama wewe usivyojua kwamba umevua viatu mlangoni kwako. Na mkwe, kwa adabu, alikuwa amesimama mbali akitazama mlima wa magunia, kwa sababu haifai kumkodolea macho baba mkwe akiwa ameinama.

"Umechomoa?" Fundi Fyuzi aliuliza kila mara.

"Nimechomoa, baba," mkwe alijibu kila mara, akijishika mkanda.

"Vizuri."

Akapima betri zote sita: zimejaa. Akapima fyuzi: nzima. Akawasha ufunguo, akakanyaga, na Kobe akatoka bandani kama hajawahi kugoma tangu azaliwe. Fundi Fyuzi akamtazama mkwe. Mkwe akatazama magunia.

Kwa majuma matatu Fundi Fyuzi hakula akashiba. Alikwangua kutu kwenye vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Aliongeza maji ya betri. Alibadilisha waya ambao haukuwa na neno. Alifungua swichi ya mbele na nyuma, akaipuliza, akaifunga. Alitunga nadharia. Kwanza alisema ni baridi ya alfajiri. Kisha akasema ni unyevu wa dobi. Mwisho alimweleza msimamizi, bila kucheka, kwamba betri ikichajiwa sana inashiba, na kitu kilichoshiba hakipendi kutembea, hivyo Kobe aachwe apumzike nusu saa baada ya kuchajiwa. Msimamizi alimwuliza kama amekunywa vidonge vyake.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye birika la umeme. Banda lile lilikuwa na soketi moja tu, na walinzi wawili wa usiku waliopokezana, mmoja mnene, mmoja mwembamba. Mlinzi mnene akiwa zamu, alfajiri alichomoa chaja yote, akauviringisha waya na kuutundika msumarini asije akajikwaa akiwa na maji yanayochemka, kisha akachemsha chai yake. Mlinzi mwembamba alikuwa na vidonda vya tumbo na hakunywa chai, kwa hiyo hakugusa kitu. Nao walibadilishana zamu kama walivyopenda wenyewe, ndiyo maana hakuna aliyeona mpangilio wowote. Chai ikinywewa, Kobe anatembea. Isiponywewa, Kobe hatembei. Lakini ni fundi gani wa umeme anayeanza kutafuta hitilafu kwenye majani ya chai?

Jumanne jioni Fundi Fyuzi alirudi nyumbani akamkuta binti yake amekaa jikoni, na begi lake limekaa karibu naye. Mama mtu alikuwa anakata vitunguu kwa nguvu isiyohitajika na vitunguu.

"Baba," binti alisema, "yule mtu wako ana mwanamke huko kazini."

"Mtu wangu?"

"Si wewe uliyemtafutia kazi?"

"Mwanangu, yule kijana namwona kila siku. Kachomekea vizuri, hana hata doa."

"Hapo ndipo penyewe! Mimi ndiye ninayemnyooshea, baba. Najua shati langu lilivyotoka. Asubuhi limechomekewa na mimi, jioni limechomekewa na mtu mwingine. Mkia wote umejikunja kama limekaliwa. Mkanda anatoka nao tundu la tatu, anarudi nao tundu la pili. Na jana..." Akalivuta begi karibu. "Jana karudi na fulana kaivaa nje ndani."

Kisu cha mama kikasimama.

Fundi Fyuzi alikuwa mtu wa ufundi. Alifikiri kwa dhati namna fulana inavyoweza kujigeuza mwilini mwa mtu bila kuvuliwa. Aliigeuza fulana kichwani mwake huku na huku, akashindwa.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Anasema ni mambo ya kazi. Kazi gani hiyo ya kuvua fulana, baba? Anaendesha shuka!" Akafuta macho kwa kanga ya mama yake. "Nitalala hapa. Ijumaa nakwenda kuchukua vyombo vyangu, na yeye abaki na huyo anayemchomekea."

Mama mtu alimgeukia mumewe. "Kijana umemleta wewe kazini kwako. Chini ya pua yako. Basi nenda kaangalie pua yako inanusa nini."

Fundi Fyuzi hakulala vizuri. Aliipenda ile ndoa kuliko alivyoonyesha. Alimpenda na mkwe, ingawa hangekiri hata kwa kuning'inizwa. Binti yake alikuwa amechelewa kuolewa, akacheka kwa miezi mitatu mfululizo, na sasa alikuwa akilia jikoni kwa sababu ya mtu ambaye baba mtu alimdhamini kwa mdomo wake mwenyewe. Akakata shauri. Kesho yake angemfumania.

Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlinzi mwembamba akiwa anakabidhi zamu getini, Fundi Fyuzi aliingia bandani, akachagua tenga kubwa la nguo za wodini lililokuwa karibu na Kobe, akaingia ndani yake, akajifunika shuka. Umri wa miaka hamsini na nane si umri wa kuingia tengani. Goti moja lilikuwa sikioni. Harufu sitaisimulia.

Baada ya dakika chache mlango ulilia. Hatua zikaingia, za mtu mmoja. Kisha sauti ya mkwe wake, laini, ya kubembeleza.

"Habari za asubuhi, mpenzi. Umelala vizuri?"

Ndani ya tenga, presha ya Fundi Fyuzi ilipanda.

"Leo usinifanyie visa, tafadhali. Nyumbani kwangu kunawaka moto kwa ajili yako." Kikasikika kitu kama shati likivutwa. Kisha ukimya, kisha tik. "Bado? Haya, na mkanda." Kikasikika chuma kikigonga chuma. Tik. "Jamani, nimeshavua mkanda, unataka nini tena? Fulana? Juzi si nilikuvulia fulana na bado ukanigomea? Haya, ninavua. Ninavua, wewe mwanamke usiye na huruma!"

"Nimekukamata!" alinguruma Fundi Fyuzi, akainuka ghafla na shuka lake kichwani.

Mkwe alipiga ukelele uliosikika mpaka wodi ya wazazi. Mbele yake palikuwa na kitu cheupe kirefu kinachotoka kwenye nguo za wagonjwa. Tenga likapinduka, kitu cheupe kikaanguka, kikatambaa, kikajivua shuka, kikawa baba mkwe. Hilo lilikuwa baya zaidi. Kijana wa watu alisimama kifua wazi mbele ya baba wa mkewe, akakamata ndoo iliyokuwa karibu na kujiziba nayo.

"Shi... shikamoo baba."

"Yuko wapi?"

"Nani, baba?"

"Huyo unayemvulia nguo!"

Mkwe alitazama chini. Kwa mkono usioshika ndoo alinyoosha kidole polepole kwa Kobe.

Fundi Fyuzi alimzunguka Kobe. Alichungulia chini ya Kobe. Aliinua kiti: betri sita, hakuna mwanamke.

"Unavua nguo kwa ajili ya gari?"

"Nachomoa, baba. Kama ilivyoandikwa."

"Unachomoa nini?"

"Shati," mkwe alisema, sauti ikizidi kuwa ndogo. "Kabla ya kuendesha. Siku za mwanzo nikichomoa shati, gari lilikuwa linaondoka vizuri tu. Baadaye likawa siku nyingine halikubali. Nikafikiri labda sijachomoa vya kutosha. Nikavua mkanda, kwa kuwa mkanda una chuma, na umeme na chuma haviivani. Kisha fulana, kwa kuwa nayo imechomekewa. Nikija mbele yako nachomekea haraka, baba. Nisingeweza kusimama mbele yako shati nje."

Fundi Fyuzi aliinua macho ukutani. Ubao aliuandika yeye, akautundika yeye, akaupita kila siku kwa miaka mingi. Asubuhi ile ndipo alipousoma. CHOMOA KABLA YA KUENDESHA. Chomoa. Haukusema waya. Haukusema plagi. Haukusema lolote ambalo mtu aliyechomekea vizuri asingedhani anaambiwa yeye. Macho yakashuka, yakapita juu ya magunia, yakafika nyuma ya Kobe, na pale kwenye tundu, plagi ya chaja ilikuwa imekaa imetulia.

Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe. Safari hii aliuona. Akaichomoa plagi, akageuza ufunguo, akabonyeza pedali kwa mkono, na Kobe akasogea hatua mbili, kisha akasimama akimsubiri dereva.

Mkwe alitazama plagi. Akatazama shati lililokuwa juu ya usukani. Akaelewa, na masikio yakamwiva.

"Kwa nini hukuniuliza?" Fundi Fyuzi aliuliza, lakini haikuwa sauti ya kulipuka.

"Ubao umeuandika wewe, baba. Na kila mtu hapa aliniambia wewe hukosei."

"Na mkeo je? Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambiaje kwamba baba yake ndiye anayenivua nguo?"

Fundi Fyuzi alikaa juu ya tenga lililopinduka. Aliona aibu. Majuma matatu kijana huyu alikuwa akivua nguo kwenye baridi, akitukanwa kwa simu na wauguzi, akinuniwa nyumbani, na hakulalamika hata mara moja, kwa sababu ya maneno manne na ubahili wa rangi. Alitaka kusema kitu kikubwa. Akasema, "Vaa fulana. Hiyo umeishika nje ndani."

Saa sita mchana aliomba ruhusa akaenda nyumbani. Njia nzima alijaribu kulisema neno lile peke yake, lakini kila lilipofika kwenye meno liligeuka likawa jingine. Alimkuta mkewe anasafisha vyombo na binti amekaa vilevile, begi vilevile.

"Kuna kosa limefanyika," alisema, amesimama mlangoni.

"Na nani?" mkewe aliuliza.

"Na ubao."

"Ubao umeandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimekosea."

Mkewe alifunga bomba la maji. "Rudia, mume wangu. Maji yalikuwa yanapiga kelele."

"Nimekosea!" alifoka Fundi Fyuzi, na jirani akatoa kichwa dirishani. Akaingia, akaketi, akasimulia yote, tangu waya mpaka tenga, bila kupunguza hata harufu. Mkewe alijiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo, mabega yakimtikisika. Binti hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alivua kwa sababu iliandikwa?"

"Kwa sababu niliandika mimi."

"Mkanda?"

"Mkanda."

"Mpaka fulana? Na baridi yote ile?"

"Mpaka fulana, mwanangu. Na gari lilipokataa alikuwa anafikiria suruali."

Binti akainuka, akajipangusa macho kwa kiganja, akaliokota begi lake.

"Unakwenda wapi?" mama yake aliuliza.

"Nyumbani kwangu. Mtu kama yule haachwi peke yake," alisema, akaanza kuvaa viatu.